Barua ya Wazi kwa Wanaotia Saini: Mji Nao Uandikwe Kwenye Leseni

Kwa Waziri wa Madini, Waziri wa Fedha, Maspika wa Bunge la Taifa na la Seneti, na magavana wa kaunti zenye machimbo, visima vya mafuta na viwanda vya mashambani

Waheshimiwa,

KUH: MIJI INAYOBAKI BAADA YA MACHIMBO NA VIWANDA KUFUNGWA

Ninawaandikia kutoka Kariobangi Light Industries, hapa Nairobi, ambako nina karakana ndogo ya kuchonga na kukarabati vipuri vya mashine. Ninafanya kazi na mafundi wanne, na hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa katika jiji hili. Mmoja alijifunza kuendesha leith, mashine ya kukerezea vyuma, katika kiwanda cha sukari, mwingine katika kiwanda cha nguo, wa tatu alikuwa fundi wa mitambo machimboni, na wa nne alifunzwa kazi na babake nyumbani baada ya babake kuachishwa kazi. Ni watu wenye ujuzi uliochukua miaka mingi kupatikana, na wote wanne walifika Nairobi kwa sababu moja: mji uliowalea ulikuwa na mwajiri mmoja, na mwajiri huyo akafunga lango.

Siandiki kuomba kwamba kila kiwanda kilichokufa kifufuliwe. Ahadi hiyo imetolewa katika kila msimu wa kampeni tangu nikiwa kijana, na ninaamini imewadhuru watu wa miji hiyo kuliko ilivyowafaa, kwa maana mtu anayengoja lango lifunguliwe hatafuti kazi nyingine kwa moyo wote, hang'oi miwa shambani ili apande zao lingine, wala hamrudishi mtoto wake chuoni kujifunza kitu kipya. Ninaloomba ni kwamba kila leseni ya kuchimba madini au mafuta, na kila mkataba wa kukodisha kiwanda cha umma, uwe na mpango wa mji utakaobaki. Mpango huo uandikwe siku ya kwanza, uwekewe fedha kila mwaka wakati mali ingali inatoka, na usimamiwe na watu wa mji huo pamoja na kaunti yao. Sheria yetu ya leo inamuuliza mwekezaji atalifukiaje shimo. Haimuulizi yeye wala serikali mji ule utaishije.

Nilizaliwa katika mji wa aina hiyo. Sitautaja jina wala sitaitaja kampuni, kwa kuwa sina nia ya kumshtaki mtu, na yaliyotupata sisi yamewapata wengine wengi. Kiwanda chetu kilikuwa na king'ora kilicholia saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, na hata watu wasiokuwa na kazi humo walipanga siku zao kwa mlio huo. Baba alikuwa fundi wa mabomba ya mvuke. Kiwanda kiliposimama, sisi wa nyumbani tulidhani tuliyoyapoteza ni mishahara tu. Baada ya majuma machache tukagundua kwamba maji ya mji mzima yalikuwa yakivutwa kutoka mtoni kwa pampu ya kiwanda, kwamba zahanati ilikuwa ya kiwanda, kwamba barabara ya kwenda sokoni ilisawazishwa na greda ya kiwanda kila baada ya masika, na kwamba hata taa za stendi ya magari ziliwaka kwa bili iliyolipwa na kiwanda. Hakuna ofisi ya serikali iliyokuwa imewahi kuandika orodha ya huduma hizo, kwa hiyo zilipokoma hakuna ofisi iliyojua kwamba sasa ni zamu yake. Dada zangu walichota maji mtoni kwa miaka mitatu.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye suala la fedha za watu wa kawaida katika mji kama huo, kwa sababu ninahofu kwamba wanaokaa kwenye ofisi za Upper Hill hulidhania kuwa rahisi. Mfanyakazi wa Nairobi akipoteza kazi, akiba yake iko benki, kiwanja chake kiko Kitengela au Ruiru, na watu wanaoweza kukinunua hawakupoteza kazi siku ileile. Katika mji wa kiwanda kimoja, mshahara, akiba na mali vyote vimesimama juu ya mguu mmoja. Baba na wenzake walikuwa wamejenga safu za vyumba vya mabati ili wawapangishe wafanyakazi wenzao, na hiyo ndiyo iliyokuwa pensheni yao halisi. Wapangaji walihama wote ndani ya mwaka mmoja. Chama cha akiba na mikopo kilikuwa cha wafanyakazi wa mahali pamoja, ambao walidhaminiana wao kwa wao. Makato ya mishahara yalipokoma, mdaiwa na wadhamini wake watatu walikuwa wamekaa kibarazani pamoja, wote hawana kazi, na akiba za waliokuwa hawajakopa kabisa zikazama na mikopo ya wengine. Mwenye duka aliyetukopesha kwa daftari hadi mwisho wa mwezi naye alikuwa amekopa kwa msambazaji wa jumla. Aliyetaka kuuza nyumba ili aanze upya kwingine hakupata mnunuzi, kwa kuwa kila mtu alikuwa akiuza. Kwa hiyo mnaposikia kwamba watu wa miji hii "wamekataa kuhama", jueni kwamba wengi wao wamefungwa na mali isiyouzika.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba mwisho wa machimbo hujulikana mapema. Kiwanda kinaweza kufa ghafla kwa deni au kwa uongozi mbaya, lakini machimbo huhesabiwa tani zake kabla koleo la kwanza halijaingia ardhini. Tazameni Kwale. Base Titanium ilianza kuchimba mchanga wenye madini mwaka 2013, shehena ya kwanza ikaondoka Likoni Februari 2014, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa Desemba 2024. Kwa muda wote huo ulikuwa mradi mkubwa zaidi wa madini nchini, ukitoa madini ya ilmenaiti, rutaili na zikoni. Familia za Maumba na Nguluku zilihamishwa kuupisha, bwawa likajengwa kwenye Mto Mukurumudzi, na kizazi cha vijana wa Msambweni kikajifunza kazi ambazo hazikuwahi kuwepo Pwani. Novemba 2019 serikali ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za madini kote nchini, na zuio hilo likadumu hadi 2023. Sibishani na sababu za uamuzi huo, ambazo zilikuwa nzito. Ninachosema ni kwamba tangu siku hiyo kila aliyekuwa na ramani mezani aliweza kuona kwamba nafasi ya kurefusha maisha ya machimbo ilikuwa ikipungua mwaka baada ya mwaka, na mipango ya watu wa Kwale ilipaswa kuharakishwa kwa kasi ileile.

Sheria ya Uchimbaji Madini ya 2016 inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa mali anayoitoa ardhini, kwa asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi pale madini yanapochimbwa. Ni sheria nzuri. Hata hivyo, miaka ya mwisho ya machimbo ya Kwale ilifika huku wananchi wangali wakiidai asilimia yao 10, kwa sababu taratibu za kuifikisha kwao hazikuwa zimekamilika. Mtu wa Hazina anaweza kuona kwamba fedha zilizochelewa ni fedha zilezile, na kwamba zitalipwa tu. Kwa mji unaohesabu miaka yake, sivyo. Mnazi wa kienyeji huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa vizuri. Mwananchi wa Kwale ambaye angepata fungu lake mwaka ule sheria ilipopitishwa, akapanda minazi na mikorosho, angekuwa anaangua wakati lori la mwisho lilipoelekea Likoni. Aliyelipwa baada ya machimbo kufungwa anaanza kupanda akiwa tayari na njaa.

Sitaki kusema kwamba hakuna kilichofanyika kule. Ushirika wa wakulima wa PAVI, ambao jina lake limetokana na pamba na viazi, ulianzishwa machimbo yakiwa bado yanafanya kazi, na ukawapa wakulima soko na ushauri huku wakiwa na jamaa wenye mishahara wa kuwasaidia kununua mbegu. Huo ndio utaratibu ninaoutetea: shughuli mpya ianze wakati ile ya zamani ingali na nguvu za kuibeba. Mnaulizwa sasa, na wakazi wenyewe, ardhi iliyochimbwa itatumiwaje na maji ya lile bwawa yatakuwa ya nani. Maswali hayo yalistahili kujibiwa 2013, kwenye karatasi ileile iliyoruhusu machimbo.

Linganisheni na bonde la Ruhr huko Ujerumani, ambalo liliishi kwa makaa ya mawe kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2007 ulifanywa uamuzi wa kumaliza uchimbaji huo, na mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel katika mji wa Bottrop, ukafungwa Desemba 2018. Walijipa miaka 11 ya kufunga tu, yaani muda ambao kwetu Kwale ulikuwa umri mzima wa machimbo. Mwaka huohuo wa 2007 ulianzishwa wakfu, RAG-Stiftung, ambao mali yake hugharimia kazi isiyo na mwisho ya kuvuta maji yanayojaa katika mashimo ya zamani ili miji iliyo juu yake isifurike. Chuo kikuu cha Bochum, katikati ya eneo hilo la wachimba makaa, kilifunguliwa 1965, zaidi ya miaka 50 kabla ya mgodi wa mwisho kufungwa. Ninajua kwamba Ujerumani ni nchi tajiri, na ninajua pia kwamba pamoja na hayo yote baadhi ya miji ya Ruhr, Gelsenkirchen ikiwemo, bado ina ukosefu mkubwa wa kazi. Ikiwa waliojiandaa kwa nusu karne bado wanataabika, sisi tunaowapa watu notisi ya mwezi mmoja tunatarajia nini?

Nimesema mwezi mmoja kwa sababu ndivyo sheria inavyosema. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na afisa wa leba, na amlipe kila mtu mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Kiwango hicho kinamfaa karani wa Nairobi anayeweza kupita ofisi ishirini kwa siku moja akipeleka barua zake. Kwa mtu aliye Kimwarer, katika Bonde la Kerio, ambako uchimbaji wa madini ya floraiti uliendelea tangu miaka ya sabini na kusimama 2016, hakuna ofisi ya pili ya kupeleka barua. Ningependa kuona kifungu hicho kikirekebishwa ili mwajiri mkuu wa mji mdogo atoe taarifa ya angalau miaka miwili pale kufungwa kunapoweza kutabirika, na taarifa hiyo ipelekwe kwa gavana na kwa wananchi wote, maana mama muuza mboga naye ni mfanyakazi wa machimbo ingawa jina lake halimo kwenye orodha ya mishahara.

Kuhusu viwanda, nitaanza na Webuye kwa kuwa kila Mkenya wa umri wangu anaujua. Kiwanda cha karatasi kilianza uzalishaji 1974 na kikafungwa Januari 2009. Kiliuzwa 2016. Katika miaka saba iliyokuwa katikati, mji ule uliishi kwa matangazo ya kufunguliwa, na kazi iliyorudi baadaye haikufikia ile ya awali. Ninataja miaka hiyo saba makusudi. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza kiwanda kilipofungwa alikuwa anakaribia mtihani wa darasa la nane kilipouzwa. Utoto wake wote wa shule ulipita katika kungoja. Kama siku ile ya Januari serikali ingesema waziwazi kwamba kiwanda hakitarudi kama kilivyokuwa, na ikaweka fedha zilezile za majaribio ya kukiwasha tena katika chuo cha ufundi, maji na soko la mbao za mashamba ya miti yaliyokwisha kupandwa kukilisha, ninaamini Webuye ingekuwa imepiga hatua mbele.

Kiwanda cha sukari cha Mumias ni habari ndefu na yenye mikono mingi, nami sitaifungua yote. Kampuni iliingia katika usimamizi wa wadai wake Septemba 2019. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba muwa huchukua karibu mwaka mmoja na nusu kukomaa, kwa hiyo mkulima aliyekuwa na miwa shambani hakuweza kubadili zao lake kwa wakati. Alikuwa amekwisha kuweka ardhi, mbolea na matumaini yake ndani ya ratiba ya kiwanda. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya umma, vyote vya sukari, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa muda wa miaka 30. Ninawaombea mafanikio kwa dhati. Lakini miaka 30 ni muda unaopimika, na 2055 itafika. Ninaomba mikataba hiyo iwekwe hadharani, na ikiwa haina kipengele kinachoeleza huduma za mji zinazobebwa na kiwanda, nani atazipokea kwa hatua gani, na mkulima atapewa taarifa kwa muda gani kabla ya kiwanda kusimama, basi nyongeza iandikwe sasa, wakati pande zote bado zina hamu ya kuelewana.

Mji wa Magadi, katika Kaunti ya Kajiado, unatufundisha kitu cha pekee. Magadi hailingani na Kwale, kwa maana trona, yaani magadi ghafi ya ziwa lile, hujijenga upya, na kampuni imekuwa hapo tangu 1911. Reli kutoka Konza ilijengwa kwa ajili yake. Mali haijaisha. Hata hivyo mwaka 2014 mtambo mmojawapo ulifungwa kwa sababu gharama zake hazikulingana tena na bei ya soko la dunia, na watu wakapoteza kazi pembeni mwa ziwa lililojaa. Kwa hiyo si lazima madini yaishe ndipo mji uyumbe. Bei ikishuka Shanghai au mafuta yakipanda, mji ulio Kajiado unalala njaa. Na katika mji ambao kwa zaidi ya karne maji, hospitali, shule na usafiri vimekuwa vikitegemea kampuni, serikali ya kaunti inapogombana na kampuni juu ya kodi ya ardhi, mwananchi hukaa katikati akijiuliza bomba la kutoka Nguruman litaendelea kutiririka kwa amri ya nani. Ninapendekeza, na hili halihitaji sheria mpya, kwamba kila kaunti yenye mji wa namna hii itengeneze daftari la huduma zote zinazotolewa na mwajiri mkuu, pamoja na gharama ya kila huduma kwa mwaka, na ilisome upya kila bajeti. Laiti daftari kama hilo lingekuwepo katika mji wetu, dada zangu wasingechota maji mtoni kwa miaka mitatu.

Wakati mwingine mabadiliko huletwa na serikali yenyewe, na kwa nia njema. Reli mpya ya kisasa, SGR, kati ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa 31 Mei 2017, na baadaye ikaagizwa kwamba mizigo ya bandarini ipitie humo, agizo lililoondolewa 2022. Mtito Andei, Voi na Mariakani ni miji iliyokua kwa madereva wa malori: vyumba vya kulala, mahoteli ya chai na chapati, mafundi wa magurudumu, wauza vipuri. Lori likipungua barabarani, mnyororo huo wote hulegea. Sikuona popote katika mipango ya reli, iliyogharimu mabilioni, ukurasa unaouliza Mtito Andei itafanya nini. Ningeridhika hata na ukurasa mmoja.

Sasa naja kwa jambo la haraka zaidi. Mafuta yaligunduliwa Turkana Machi 2012, katika kisima cha Ngamia 1. Lokichar ikafurika watu, viwanja vikapanda bei, nyumba za wageni zikajengwa kwa mikopo. Agosti 2019 shehena ya kwanza ikaondoka Mombasa, mwaka uliofuata mradi wa majaribio ukasimama, na wale waliokopa wakabaki na vyumba vitupu. Lokichar imeonja kufungwa kabla haijaonja kufunguliwa. Mwaka 2025 umiliki wa mradi ulibadilika, kampuni ya Gulf Energy ikachukua nafasi ya kampuni ya Tullow, na mipango ya uzalishaji ikafufuliwa. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa kaunti asilimia 20 ya mapato ya serikali na jamii asilimia 5. Fedha hizo zitakapoanza kuingia, zitaingia kwa mkupuo katika eneo lenye uhaba wa maji, shule na barabara, na kishawishi cha kuzitumia zote mwaka zinapofika kitakuwa kikubwa mno. Botswana ilianzisha Pula Fund 1994 ili sehemu ya mapato ya almasi iwekwe kwa ajili ya siku almasi zitakapopungua. Sisi tumezungumza juu ya hazina ya namna hiyo kwa miaka mingi, rasimu zikiandikwa na kuandikwa upya. Ningependa Lokichar iwe na mfuko wake mdogo, wenye kanuni rahisi kwamba sehemu iliyowekwa haiguswi hadi uzalishaji utakapoanza kushuka, na hesabu zake zisomwe mbele ya wananchi kwa Kiturkana na Kiswahili kila mwaka.

Waheshimiwa wabunge, nguvu ya kulifanya hili mnayo tayari. Ibara ya 71 ya Katiba inataka mikataba ya uvunaji wa maliasili ipitishwe na Bunge, na Ibara ya 69 inataka manufaa yake yagawanywe kwa usawa. Mkataba usio na mpango wa mji ukiletwa mbele yenu, urudisheni. Msiogope kuambiwa kwamba mnamfukuza mwekezaji. Mwekezaji anayeweza kukadiria tani za mchanga kwa miaka kumi ijayo anaweza pia kukadiria kiasi cha shilingi za kuweka kando kila robo mwaka, na ninadhani wengi wao wangependelea gharama inayojulikana kuliko maandamano yasiyotabirika mwishoni.

Nina maombi mawili ya kifundi, kwa kuwa ufundi ndio ninaoujua. La kwanza ni vyeti. Katika miaka yote niliyoajiri watu hapa Kariobangi, nimekutana na mafundi waliofanya kazi miaka ishirini kwenye mitambo mikubwa na hawana karatasi hata moja ya kuonyesha, kwa sababu kiwandani hawakuihitaji. Wanalipwa vibarua vya mkono mtupu wakati mtu anayewazidi karatasi tu analipwa mara mbili. Kila kampuni inayokaribia kufunga iwajibike kuwalipia wafanyakazi wake mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, wakiwa bado kazini, mbele ya mashine wanazozijua. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na thamani ya mtambo mmoja.

La pili ni mashine zenyewe. Leith ninayoitumia niliinunua kwa muuza vyuma chakavu, ikiwa imepimwa kwa kilo. Ilitoka katika kiwanda kilichofungwa, na ilihitaji beringi mbili na mkanda ili ifanye kazi tena. Nilifurahi kuipata kwa bei hiyo, lakini kila ninapoiwasha ninakumbuka kwamba karakana nzima ya kiwanda kile iling'olewa na kukatwa kwa gesi, katika mji ambao vijana wake husafiri mbali kutafuta chuo cha ufundi. Wadai wana haki ya kulipwa, na silipingi hilo. Ninaomba tu kwamba vifaa vya karakana, ambavyo ni sehemu ndogo sana ya mali ya kiwanda, vikadiriwe kwa bei ya chuma chakavu na kaunti ipewe nafasi ya kwanza ya kuvinunua kwa ajili ya chuo cha mahali hapo.

Nchi hii ilifunga machimbo ya dhahabu ya Rosterman, Kakamega, mwaka 1952, na yale ya Macalder, Migori, mwaka 1966. Hadi leo katika maeneo hayo watu wanaingia mashimoni kwa kamba na tochi kutafuta masalio. Wajukuu wanachimba pale mababu walipoachishwa kazi, na baadhi yao hufukiwa humo.

Kwa Waziri wa Madini, ninaomba mtangaze kwa maandishi, kabla ya mwisho wa mwaka huu wa fedha, orodha ya leseni zote za uchimbaji mkubwa zitakazokwisha katika miaka kumi ijayo, na mji au kijiji kinachotegemea kila moja. Kwa Waziri wa Fedha, ninaomba mtaje kiasi cha mrabaha wa jamii ambacho bado hakijafika kwa wenyewe na tarehe kitakapofika. Kwa magavana, ninaomba lile daftari la huduma. Jibu lenu nitalisoma kwa sauti hapa karakanani, mashine zikiwa zimezimwa, kwa kuwa mafundi wangu wote wanne bado wana wazazi katika miji ya aina hii, na kila mwisho wa mwezi huwatumia pesa za kununulia maji.

Wenu mwaminifu,

Fundi wa vyuma,
Kariobangi Light Industries,
Nairobi